Namba ya Papa Haigawiki

Shituru, Likasi, 9 Agosti 1970

Yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa,

Sisi wazima. Moshi wa kiwanda umekausha tena nyanya za Mama, na mdogo wetu Emérance ameng'oka jino la mbele. Kwenye kilio cha msiba wa Papa wetu walikuja hata wenzake wa kazi kutoka Kamatanda. Wote walikumbuka alivyojisifu na namba yake ya kazi, 99 991, tangu weye, mwanafunzi wa hesabu Kinshasa, ulipomwambia ni namba tasa: haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Jetoni, kile kibati cha shaba cha kazini chenye namba ile, aliivaa mpaka kanisani.

Unakumbuka alivyotugawisha namba ile mezani? Kwa saba inabaki tatu, kwa kumi na tatu inabaki nane. Alicheka: "Munaona? Kila mara kuna kitu kinakataa."

Jana kilio kilivunjwa. Ndugu watatu wa Papa walikaa mkekani, wakagawana vitu kama desturi yao: redio, baiskeli, hata cherehani ya Mama. Kisha mmoja wao, Tonton Adolphe, akasema, "Na batoto ni betu." Georges anakwenda Kakanda, Emérance Kolwezi, na miye kesho napanda treni ya Kasai. Mama si wa ukoo wao, hakuna aliyemtaja. Atalala kwa jirani, Mama Albertine.

Jetoni hawakuitaka. Nimeifunga humu baruani, ni yako.

Asubuhi niliigawa namba ya Papa kwa tatu. Inabaki moja.

Mwandikie Mama, yaya.

Mdogo wako,
Alphonsine