Ratemo Alivyojibu kwa Niaba Yangu

Anyiko, nimetoka mazishini Mosocho sasa hivi. Nivumilie, maneno ni mengi.

Nilikaa na Jeconia, yule aliyefundisha wavulana mbio chuoni nilipokuwa nafundisha wasichana, 1974. Nikamuuliza tu, mbona yeye alidumu kwenye kazi hiyo.

Akasema, "Mimi kazi ile niliifuatia nyumba ya chuo tu, Orpah. Mbio nilijifunzia humo humo. Wewe ndiye uliyezipenda."

Halafu akacheka. "Lakini mzee wako alikataa."

Alikataa nini?

Anyiko, nilipomzaa Nyanchera, mkuu wa chuo alimtuma Jeconia amuulize mume wangu Ratemo kama nitarudi uwanjani. Amuulize Ratemo! Mimi nilikuwa chumba cha pili, nanyonyesha. Ratemo akajibu, "Mama Nyanchera ameachana na mambo ya kukimbia."

Ameachana. Na mimi miaka hii yote najua chuo ndicho kilichonikataa. Ratemo mwenyewe alinipa pole.

Sitaki kumhukumu haraka. Labda aliogopa maneno ya watu. Labda mama yake alimsukuma. Lakini angeniuliza.

Sasa ameniletea chai, anataka kujua mazishi yalikuwaje. Nimemwambia aketi. Naweka simu kando, nimuulize mimi.