Mtani, Mzigo Haukuibiwa

Mpendwa mtani wangu Mwamvita,

Najua huko Kisarawe ulipo, barua ikitoka Tabora utaishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa nzi kwenye uji. Ni haki yako. Nimekupigia simu ukaikata. Nimekutumia ujumbe, ukauona, ukanyamaza. Mama yako aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mwache kwanza," nami nikakuacha. Lakini nilikushtaki mbele za watu, na nikikuomba radhi kwa siri nitakuwa nimekuonea mara ya pili. Kwa hiyo barua hii nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo, na nakala yake nimeiweka kwenye folda ya pamoja ya kompyuta za chuo, waisome wote walionisikia nikikuita mwizi.

Mtani, mzigo wangu haukuibiwa. Nimeuona. Ulikuwa pale pale uliposema umeuweka.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana ukiwa karibu ulikuwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Unakumbuka wiki yetu ya kwanza kwenye chumba cha kompyuta? Nilikuwa nimeandika kazi yangu kwenye kompyuta namba nne. Kesho yake nikakuta umekaa hapo wewe, nisiyekujua hata jina, nami nikasimama nyuma yako nikitaka uondoke kwa sababu faili langu limo humo. Tukavutana mpaka fundi wa mtandao akaja. Akatuambia kwamba hakuna faili linalokaa kwenye kompyuta yoyote ya chumba kile. Yote yako kwenye seva, katika kile chumba kidogo chenye kiyoyozi, na mtu akiingia kwa jina lake na nywila yake, kompyuta yoyote itamfungulia vitu vyake.

Ukaniangalia juu mpaka chini, ukauliza, "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Ziba."

"Nilijua! Miaka yote mmebeba mizigo ya watu, leo umepata wa kukubebea wewe, unakuja kugombana na kiti!"

Nikajua nimekutana na Mzaramo. Wazee wetu walipita kwenu na pembe za ndovu na mizigo wakielekea pwani, na katika kupita huko ndiko tulikopata utani: mtani anaweza kukupokonya nyama mkononi, akakutukania ukoo, na wewe huruhusiwi kununa. Kufikia jioni tulikuwa tunakula sahani moja. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mtendeni, nawe ukiyasimanga matobolwa yangu ya viazi vikavu, eti viazi vilivyokufa na kufufuka, huku ukiyamaliza.

Ulipolazwa hospitali ya Kitete na malaria, nilikuletea hayo hayo matobolwa kwenye mfuko. Nesi akasema mgonjwa ale kitu laini. Ukamjibu, "Niachie, dada. Nikifa na haya mdomoni, ndugu zangu watajua nani ameniua." Nilicheka mpaka nikatolewa wodini. Sijawahi kukwambia kwamba nilipofika nje nililia, kwa sababu nilikuwa nimeogopa sana.

Halafu Ziba. Utafiti wangu ulihusu sehemu ambazo misafara ya zamani ilipumzika, na Bibi yangu ndiye alikuwa na majina ya visima na miti ambayo baba yake alimsimulia. Nilikwenda na wewe ili unishikie simu ya kurekodia. Ulipiga goti ukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba. Huyu ni nani?" Nikasema ni Mzaramo. Bibi, aliyekuwa haongei Kiswahili nyumbani kwake ila kwa sababu maalumu, akajiweka sawa kwenye kigoda na kusema kwa Kiswahili safi kabisa, "Mzaramo? Basi fungieni kuku." Saa mbili nzima mlitukanana, na katikati ya matusi akataja majina kumi na saba ambayo kwangu mimi, mjukuu wake wa damu, alikuwa hajawahi kuyataja.

Rekodi zile na sura tatu za tasnifu niliziweka kwenye folda yangu ndani ya folda ya pamoja, nami mwenyewe nikakupa ruhusa ya kusoma na kuandika humo, ili unisaidie kunukuu maneno ya Bibi. Flashi yangu ilikuwa imekufa kwa virusi, na simu nilishaifuta ipate nafasi. Nilisema seva ndiyo salama.

Ijumaa ile ukanifanyia utani wa kompyuta. Ulihamisha kila kitu kutoka kwenye folda yangu, ukakiweka kwenye folda mpya uliyoipa jina ulilolitunga mwenyewe. Kama tungekuwa mezani, ungekuwa umenipokonya nyama tu. Ungesubiri nitafute, nitukane, kisha unirudishie. Mimi na wewe hatukujua kwamba Jumamosi na Jumapili fundi angehamishia mafaili yote ya chuo kwenye seva mpya na kuizima ile ya zamani.

Jumatatu nilifungua folda yangu nikakuta tupu. Ulikuwa umekaa pembeni yangu, unajikaza usicheke. "Umeutafuta mzigo vizuri, mpagazi?" Kisha ukafungua mwenyewe folda ya pamoja ili unionyeshe ulikouficha, na hapakuwa na kitu. Niliuona uso wako ukibadilika. Ukafungua tena, ukafunga, ukafungua tena. Nilikuwa na macho, mtani, niliona kwamba umeshtuka kuliko mimi. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: niliona, na bado nikaenda kukushtaki.

Fundi alitazama kumbukumbu za mfumo. Zilisema jina la Mwamvita ndilo lililoondoa mafaili kwenye folda ya Kabula. Yalikokwenda hazikusema, na hakuna aliyewaza kuiwasha seva ya zamani. Kwenye kamati ya nidhamu ulieleza kwamba ni utani, kwamba umeyahamishia tu folda nyingine ndani ya folda ya pamoja, mwenyekiti akauliza, "Utani wa kufuta tasnifu ya mwenzio?" Kisha akanigeukia mimi. "Huyu ni mtani wako kweli?"

Nikajibu, "Mimi sina mtani mwizi."

Wakakusimamisha mwaka mzima. Ulifungasha vitu vyako mchana, nikiwa nimekaa kitandani nakutazama, na hukunitukana hata neno moja. Hapo ndipo nilipopaswa kujua.

Bibi alifariki miezi mitatu baadaye. Msibani Ziba majirani waliniuliza, "Yule Mzaramo yuko wapi? Nani atatuchekesha?" Maana mtani asipokuja msibani, kilio kinakosa mahali pa kupumulia. Nilisema uko kwenye mitihani. Nilidanganya mbele ya kaburi.

Sasa sikiliza nilivyouona mzigo. Nilimaliza kwa shida, na tasnifu nyembamba iliyoandikwa kutoka kichwani, kisha nikapata kazi ya mkataba hapa hapa chumba cha kompyuta. Mwezi uliopita tuliambiwa tusafishe stoo. Seva ya zamani ilikuwa bado pale chini ya mapazia mabovu, na fundi akaniambia niiwashe, nikague kama kuna kitu cha kuokoa kabla haijatupwa. Nikafungua folda ya pamoja ya zamani. Nikakutana na jina hili:

"Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi aliyefika Uzaramo miguu imevimba akaomba maji akapewa tui la nazi akadhani ni maziwa akashukuru sana kisha akauliza ng'ombe mwenyewe yuko wapi."

Mwamvita! Lote hilo ni jina la folda! Na ndani yake mafaili yangu, ambayo nami nilikuwa nimeyapa majina marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Fundi akahesabu herufi na kunionyesha. Kompyuta inalijua faili kwa njia nzima ya kulifikia, folda ndani ya folda, na ile programu ya kunakili ilikuwa na kikomo. Njia ikizidi urefu ule, inaliruka faili pamoja na folda yake na kuendelea na safari. Ilituandikia kwenye taarifa yake kwamba imeruka, lakini hakuna aliyeisoma, na mimi nilikuwa na haraka ya kumpata mwizi. Hasira, hasara.

Nilibonyeza rekodi ya kwanza. Bibi akasema, "Basi fungieni kuku," na nyuma yake kikasikika kicheko chako. Nililia pale stoo bila aibu, fundi akatoka akaniachia chumba. Sijui nilikuwa namlilia nani zaidi, yule aliyekufa au yule niliyemfukuza.

Siku hiyo hiyo niliandika barua kwa kamati, nikaambatanisha picha ya skrini na maelezo ya fundi. Waliniita wiki iliyopita. Mwenyekiti aliniomba nilisome lile jina kwa sauti ili liingie kwenye kumbukumbu za kikao, nami nikalisoma nimesimama wima. Nilipofika kwenye ng'ombe, katibu alitoka nje kucheka. Uamuzi umefutwa, mtani. Jina lako ni safi, barua rasmi inakuja kwa njia ya posta, na nafasi yako ya mwaka wa mwisho ipo endapo utajisajili muhula ujao.

Siku hizi wanafunzi wa mwaka wa kwanza nawafundisha mimi. Nawaambia kwamba folda ya pamoja si sahani ya kila mtu kuchukua chake na kuondoka, kwamba wanakili na wasihamishe, na wawe na nakala nyingine nje ya seva. Jana binti mmoja wa Nzega aliuliza, "Na tukiwa watani je?" Nikamwambia utani ni ruhusa, ila mwende mkaufanyie nje. Darasa zima lilicheka, nami nikaona kwamba hata kosa letu limeanza kufaa watu.

Sikuombi usahau nilichosema mbele ya kamati. Nilikosa. Nilikukana kwa mdomo wangu mwenyewe, na sina kisingizio. Ninachokuomba ni urudi umalize shule yako, hata kama hutakaa tena chumba kimoja na mimi. Lakini kama utakaa, ujue kitanda chako sijampa mtu.

Hapa kazini wote wananiita dada Kabula. Wananiamkia vizuri, wananipisha mlangoni, nikikosea wananiambia pole. Mwaka mzima sasa hakuna hata mmoja aliyenitukana. Njoo, Mwamvita. Nimechoka kuheshimiwa.

Mimi mtani wako, kama bado wanikubali,
Kabula