Paji la Mama Machozi

Jumatatu, 4 Agosti
Mashati meupe ya shule, bado kola zote. Kitshanga nzima imekumbuka leo kwamba watoto wanakua. Mama amekaa karibu na cherehani, anakosoa mishono yangu kwa macho yasiyoona hata mlango. Uji ameukataa. Hadithi ya fromaji hajaikataa. Amerudia tena safari yake ya kwanza, alivyoshuka kutoka Nyamitaba mpaka Itebero na yale magurudumu ya jibini mgongoni, na watu wa msituni, ambao hawajawahi kuyaona, wakayanunua wakidhani ni sabuni, wakaenda kuogea mtoni. Anacheka mpaka anakohoa. Kikohozi hiki sikipendi.

Jumatano, 6 Agosti
Mama amekufa. Asubuhi, kabla ya chai. Nilikuwa nageuza kola, nikaona hapumui. Jina lake Machozi, na yake sikuwahi kuyaona. Yangu leo hayakatiki. Namchukia kila mteja anayebisha hodi.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumemleta Nyamitaba, nyumbani kwake. Kaka Deo, mkubwa wangu, amefika kutoka Goma na mkewe na maturubai ya kukodi. Ana duka la simu. Ana wakwe matajiri wa Butembo. Sasa ana aibu pia. Mchungaji amesoma wasifu aliopewa na Deo: mama mpole, mtu wa nyumbani, hakupenda kutembea.

Hakupenda kutembea! Nilitaka kurusha kikombe.

Maisha yake yote ya utu uzima alibeba kapu kwa kamba ya ngozi ya ng'ombe, kamba imepita kwenye paji la uso. Chumvi na fromaji kwenda, mawese kurudi. Alivuka madaraja ya kamba za msituni huku wanaume wamekaa wanasubiri mto upungue. Huko Walikale aliolewa mara ya pili, na mwindaji, Mama akamwacha kwa sababu mume huyo alikuwa mvivu wa kutembea. Siku moja wenye bunduki walimnyang'anya mzigo wote. Akawafuata mpaka kambini kwao. "Mafuta mukule," aliwaambia, "lakini kamba yangu munirudishie." Wakamrudishia. Nadhani walichoka kumsikia. Huyo ndiye mtu wa nyumbani?

Ijumaa, 8 Agosti
Picha ya kilio imeletwa. Kubwa, fremu ya rangi ya dhahabu. Kamba ile ilimchimbia Mama mfereji kwenye paji, kidole kinalala humo. Kwenye picha haupo. Deo amempa mtu wa studio aufute kwa kompyuta. Paji laini kama yai.

Nimemuuliza hapa amekufa nani.

"Dada, wageni watasema tulimufanya mama punda."

Nimemwambia punda huyo ndiye aliyemsomesha. Hatusemezani tena. Mkewe naye amemfunga Mama kitambaa mpaka kwenye nyusi. Sijala. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na aumbuke!

Jumamosi, 9 Agosti
Tumezika.

Walikuja wanawake wawili wazee, wabebaji wenzake Mama wa upande wa Itebero. Vita viliwatoa msituni, sasa wako kwenye kambi ya Kitshanga. Wakati ule sikuwajua. Niliona tu wazee wawili wenye vumbi miguuni, wamesimama mbele ya picha, wananong'onezana. Mmoja akamwuliza mkwe wa Deo kama hapa ndipo kwa Machozi. Yule mtu wa Butembo anamjua Mama kwa jina la mtoto tu.

"Apana, Mama. Hapa iko kilio ya Mama Deo."

Wakaitazama picha mara nyingine. "Pole, Papa. Tumekosea kilio." Wakatoka.

Nilipoambiwa walikuwa wanamtafuta Machozi, nilikimbia bila viatu. Nimewakuta chini kabisa, karibu na zizi la ng'ombe. Walipogeuka niliona mapaji yao. Mifereji ile ile. Nimelia kwa hasira pale pale njiani, mbele ya pikipiki zinazopita. Walikuwa wanarudi bila kumzika rafiki yao, kwa sababu kaka yangu anaona haya. Nikawashika mikono, nikawarudisha.

Jeneza lilikuwa bado wazi. Aliye mkubwa, anaitwa Mama Riziki, alikipandisha kitambaa bila kuomba ruhusa. Akalaza kidole kwenye mfereji wa Mama.

"Njo yeye," akathibitisha. "Njo Machozi wetu."

Kilio kikaanza upya, na safari hii kilikuwa kilio kweli. Mke wa Deo alinyoosha mkono akishushe kitambaa. Deo akamzuia.

"Acha." Kisha akasema, wakwe zake wote wakisikia: "Tulikuwa tunapanda mulima, yeye na muzigo, mi niko mbele mikono mitupu. Kila nikiona ile alama, najiona mimi."

Hakuwahi kuniambia. Kwa nini hakuniambia? Bado nina hasira naye. Lakini Mama ameshuka kaburini paji wazi.

Jumapili, 10 Agosti
Maturubai yamekunjwa. Picha imegeuzwa ikatazama ukuta, sijui na nani. Mama Riziki na mwenzake wamelala kitanda cha Mama, bado wanakoroma. Kesho narudi kwenye mashati.

Deo aliniomba ile kamba. Nikampa. Akaivaa kwenye paji, akabeba dumu la maji kutoka kwenye chemchemi mpaka jikoni, anapumzika kila kona. Sikumcheka. Alipoivua, paji lake lilikuwa na mstari. Aliugusa, akakaa karibu na moto.

Chai ilipokuwa tayari, mstari ulikuwa umeshafutika.