Alama Nilizomwekea Sabrin

Waberi, Garissa
9 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Rukiyo,

Assalaam aleykum warahmatullah. U mzima, abaayo? Mgongo umepoa, au bado unakamua ngamia huku ukilalamika? Na Hooyo, mama yetu, macho yake je? Nasikia visima vya huko Diff bado vina maji, alhamdulillahi. Hapa joto limetukalia kichwani, lakini tunapumua.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwekwa spika na nyumba nzima husikiliza. Tena nimeandika kwa Kiswahili chetu cha shuleni, ili Hooyo asijue kabla yako. Kaa chini kwanza.

Sabrin yuko salama, haumwi. Lakini binti yako hakuingia darasani muhula wote wa pili. Kila nilipokuambia kwamba anasoma vizuri, nilikudanganya. Siku ile uliponiambia umechinja mbuzi wa shukrani, nilikata simu nikasingizia mtandao.

Nilijua tangu wiki ya kwanza. Alitoka asubuhi na sare yake, akarudi inanuka moshi wa kufukizia vibuyu. Alikuwa akishinda sokoni na akina mama wa maziwa ya ngamia. Nilimgombeza, nikamnyang'anya simu, nikamtisha kwamba nitamrudisha kwako. Kesho yake akarudi sokoni.

Sasa sikia nililofanya. Mimi ndiye mwalimu wa darasa lake, rejista iko mkononi mwangu. Kila asubuhi nilipofika kwenye jina lake, niliweka alama kwamba yupo. Niliona haya, Rukiyo. Walimu wenzangu wangesema nafundisha watoto wa watu na wa nyumbani kwangu amenishinda.

Mwezi uliopita lilifunguliwa darasa la vijana walioacha shule, hapa nyuma ya soko. Asubuhi wanasoma na kuhesabu, mchana wanajifunza kushona, kutengeneza simu, hata kutibu mifugo. Sabrin alikwenda mwenyewe kujiandikisha, bila kusukumwa na mtu. Yule yule niliyekuwa nikimwita mvivu! Lakini huchukua tu waliokosa shule muhula mzima, na hilo huthibitishwa kwa rejista, ili wengine wasikimbilie huko. Alirudi saa sita, akasimama mlangoni.

"Habaryar, wamesema mimi niko shule kila siku. Hiyo ni aje?"

Mtoto alijitafutia njia, na mimi, habaryar wake, mama yake mdogo, nikaiziba kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nilijizungusha siku tatu, Mungu anisamehe, nikipima kazi yangu na mtoto wako. Ya nne nilikwenda kwa mwalimu mkuu na rejista kwapani, nikasema yote. Alisema tu, "Mwalimu Jawahir, wewe?" Nikatamani anigombeze. Nimenyang'anywa darasa, na barua yangu ya kujieleza iko kwa wakubwa. Sijui wataamua nini. Lakini mwalimu mkuu aliandika ukweli na kupiga muhuri, na Sabrin akapata nafasi ya mwisho kabisa. Hii ni wiki yake ya pili, na hajakosa hata siku moja.

Mwalimu wao ni kijana wa Wajir, jina lake Dadacha. Siku ya kwanza alimwuliza Sabrin kwa nini aliacha shule, naye akajibu palepale. Ile miaka ya ukame aliyopoteza akichunga nanyi ilimrudisha nyuma. Ana miaka kumi na sita, ameketi katikati ya watoto wa miaka kumi na miwili, na walikuwa wakimwita mama na kumwomba awapikie chai. Basi, ni hilo tu. Mgeni alilipata kwa swali moja. Mimi ninayekula naye sahani moja sikuwahi kumwuliza.

Nisalimie Hooyo, umbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji Keynan, na Iftin mdogo, mwambie viatu vyake nimeshavipata. Mwenyezi Mungu awape mvua ya heri na awaepushe na kila baya.

Ukiamua kuja kumchukua, sitakuzuia. Ila ukifika, mwulize yeye kama anataka kuendelea kukaa nami. Hilo nalo bado sijathubutu kumwuliza.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hakukutendea haki,
Jawahir