Kibuyu cha Mkwe

Tunduma, Jumanne jioni, 1955

...na kumbe aliyemponza ni baba yangu mwenyewe! Yohana wangu, mpenzi wa moyo wangu, aliacha pombe kabla hatujaoana ili arudishiwe leseni yake ya lori aliyonyang'anywa kwa ulevi. Leo alikuwa anakwenda polisi Mbeya kuiomba, akapita kwetu Mbozi kuamkia. Baba akampa kibuyu cha pombe ya ulezi.

"Mkwe, unanidharau?"

Angekataaje? Akanywa funda moja.

Inspekta akamnusa tu. "Rudi mwakani."

"Ningefanyaje, mke wangu?" ananiuliza. Nampenda mpaka nalia, na siwezi kumsaidia.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda kwa baba, nikapige magoti, nimwombe siku nyingine ampokee mkwewe kwa togwa isiyolevya.