Kibali cha Mjomba

Ofisi ya mto, chumba cha nyuma,
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimeachia? Shemeji na watoto wazima? Huku mwili mzima, ila moyo haujatulia. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila nikiandika mistari miwili nainuka kuchungulia maji dirishani.

Unaijua kazi yangu ya kulinda mto. Mwaka huu tulipohesabu wale samaki wetu wa trauti, tulipata nusu tu ya wale wa mwaka jana. Nikafunga sehemu ya juu, wanakotagia, mpaka vifaranga wapate nguvu. Kwingineko ruhusa ni samaki wawili kwa siku, na wadogo wanarudishwa majini. Wanaovua kwa kujiburudisha wakanuna, wakaitisha mkutano wa kupiga kura.

Sasa sikia. Jumamosi napanda huko juu, nani namkuta? Mjomba, kasimama majini mpaka magotini, kakipita kibao changu cha katazo. Kapuni samaki saba! Wawili matumbo yamejaa mayai.

“Mwanangu,” akasema huku anacheka, “kufunga ndoana si mimi niliyekufundisha?”

“Ni wewe, Mjomba. Naomba kibali chako cha kuvua.”

Nilimwandikia kosa, Dada, kama ninavyomwandikia mtu yeyote. Akanikabidhi kibali. Tangu hapo Mama ananijibu kwa mkato, eti nimemvua nguo kaka yake hadharani.

Mkutano ulikuwa jana. Fundi saa, msemaji wa wavuvi, alitaka mto ufunguliwe wote, na wengi wakamshangilia. Mara Mjomba akainuka kule nyuma.

“Aliyekamatwa ni mimi,” akasema. “Mayai yale nimeyaona kwa macho yangu, na tangu Jumamosi chakula hakipiti. Acheni pafungwe.”

Tukashinda kwa tofauti ya kura mbili. Nikamkimbilia mlangoni nimshukuru. Akanipita kama hanijui.

Hapo ndipo nilipokwama. Nazunguka chumbani, nashika simu, naiweka. Kibali siwezi kumrudishia kabla msimu haujaisha, hata aje kunipigia magoti, na sitaki kabisa afikie hatua hiyo. Wewe Mjomba hakukatalii kitu. Mpigie, Dada, umsikilize tu. Usimwambie nimekutuma.

Msalimie sana Shemeji, mbusu kitinda mimba wenu, na mama mkwe wako mpe pole ya mguu. Mungu awafunike huko mliko.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako wa mtoni