Dawa Hailiwi

Ijumaa, Agosti 2013. Fereej Bin Mahmoud.

Joto la leo lina unyevunyevu wa kukera. Nimefungua dirisha mara moja tu, miwani ikaingia ukungu, nikalifunga. Niko ofu, sina zamu, nina mafua, na nina hasira na kaka yangu.

Nianze na hasira. Kioko amepatikana na presha, vidonge amepewa, na hataki kuvimeza. Mama anasema chupa haijapungua hata kimoja. Mimi ni nesi, kwa hiyo nimemhubiria kwa simu kila siku, mpaka akaacha kupokea. Hii ni wiki ya tatu. Nahudumia wagonjwa wa watu huku Doha, na wangu mwenyewe hataki hata kusikia sauti yangu.

Baba alienda hivyo hivyo. Naogopa.

Kwa kumkosa Kioko, juzi nilitafuta mtandaoni mchezo wetu wa utotoni, nikaupata, nikauweka kwenye laptopu. Zamani Baba alipewa kompyuta kuukuu na mwalimu mwenzake. Ilichomekwa kwenye televisheni, na mchezo ulisomwa kutoka kwa kaseti iliyopiga makelele weee, mpaka Mama akatoka nje. Kisha picha ilijichora mstari baada ya mstari, rangi ikijimwaga polepole. Chini yake kulikuwa na maelezo, nawe unaandika amri yako kwa Kiingereza, maneno mawili tu.

Katika chumba cha mganga unashikwa na homa. Kidonge kiko mezani. Usipokitumia, unakufa.

Tulikufa sana.

Ukiandika TAKE PILL, mchezo unadhani unakiokota tu. DRINK PILL unakataa, eti hicho si kinywaji. Swallow, Kioko alisema ni ndege, walimsoma shuleni, nami nikaamini kwa sababu yeye alikuwa darasa la sita. (Juzi nimelijaribu. Mchezo haulijui neno hilo.) Hatukuwahi kutoka chumba kile, mpaka utepe wa kaseti ukakatika.

Leo mchana Sunita, Mnepali ninayeishi naye chumba kimoja, ameniletea chai ya tangawizi, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimekula dawa. Nikacheka. Nikamwambia kwetu dawa hailiwi, hunywewa. Akanishangaa kweli kweli. Kwao kidonge kinaliwa. Utakinywaje kitu kigumu?

Nikaacha chai, nikavuta laptopu.

EAT PILL.

Homa imeshuka, mlango umefunguka, na picha ambayo sijawahi kuiona maishani ikaanza kujichora. Bustani! Ya kijani cha kuumiza macho. Nimelia, sikatai. Miaka yote ile tulikwama kwa sababu tulikuwa tunawaza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hakuna mtu mwenye akili timamu anayekula dawa.

Nimeipiga picha skrini, nikamtumia Kioko. Sikutia mahubiri. Nimeandika "EAT" na basi.

Amepiga kabla sijaweka simu chini.

"Mwende! Ati eat? Dawa inakuliwa?"

"Wanepali wanakula."

"Wacha! Na huko nje kuna nini? Hebu enda kaskazini!"

Tumecheza saa nzima, yeye akiamuru na mimi nikiandika, dikteta yule yule. Tumezama kwenye bwawa mara nne, na zote ni makosa yake. Nimemcheka, amenitukana, nimefurahi mno. Mara tatu mahubiri yalinifika kwenye ncha ya ulimi, nikauuma.

Mwishowe akaacha mambo ya bwawa.

"Na hizi zangu," akasema, "ni kabla ya chakula ama baada?"

Nimemjibu kwa sentensi moja, nikazizuia nyingine ishirini. Kesho nitampigia, na sitamuuliza kama amekumbuka. Nitamuuliza tu twende upande gani.